Fundi Sauti Anajibu: Shotigani au dainamiki ya ala, ninunue ipi?

Mwezi huu maswali ya maiki yamekuwa mengi na karibu yote yanazunguka palepale, mtu ana hela ya kununua maiki moja tu, amekwama kati ya ile ndefu ya shotigani na ile dainamiki fupi wanayowekea gita na ngoma. Nimechagua machache ambayo yakijibiwa vizuri yatawasaidia na wengine. La kwanza nimelijibu kwa kirefu maana hayo mengine yote yanatokea humo.

SWALI: Mambo vipi kaka fundi. Mimi niko Mbagala Rangi Tatu, nashuti video, na kuna bendi ya mtaani huku wananiita niwarekodi wakiwa mazoezini. Wana gita la solo, ridhim, besi, tumba na waimbaji wawili, wanafanyia kwenye ukumbi wa bati karibu kabisa na barabara ya Kilwa, daladala na bodaboda muda wote, alafu kuna pangaboi mbili haziwezi kuzimwa kwa joto la humo ndani. Maiki ya kamera inanipa mwangwi mtupu, maneno hayasikiki. Rafiki yangu anasema ninunue shotigani kwa sababu inavuta sauti ya mbali na inakata kelele zote za pembeni, mwingine anasema chukua SM57, ile dainamiki fupi ya Shure. Hela ya zote mbili sina. Nichukue ipi?
Mshuti video, Mbagala

JIBU: Poa kabisa mdogo wangu. Rafiki yako wa kwanza ana nia njema ila alichokwambia kimewatia hasara watu wengi hapa mjini. Hakuna maiki yoyote inayovuta sauti ya mbali. Sauti ndo inaifuata maiki, na njiani inapungua, kila umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza karibu desibeli 6 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), yaani ukitoka sentimita 25 kwenda mita 1 umeshapoteza 12, ukirudi nyuma hadi mita 2 umepoteza 18. Wakati huohuo mwangwi wa ukumbi na mvumo wa pangaboi haupungui kwa kiasi hicho, kwa sababu wenyewe umeshajaa chumba kizima, popote ulipo upo. Kwa hiyo maiki ikikaa mbali mpiga gita anashuka ukumbi unabaki palepale, ukisema upandishe geini, yaani ukuzaji wa sauti, unavipandisha vyote viwili kwa pamoja na hujapata kitu.

Sasa shotigani inafanya nini. Kwenye lile bomba refu kapsuli yenyewe, yaani kile kinachopokea sauti, iko huko nyuma, na bomba lina matundu ubavuni kote. Sauti inayokuja kwa mbele inanyooka ndani ya bomba na kufika kwenye kapsuli ikiwa kitu kimoja. Ya ubavuni inaingia kwa matundu yote, nyingine imepitia tundu la mbele, nyingine la katikati, nyingine la mwisho, kila moja inafika kwa muda wake na zikikutana zinafutana. Basi ndo hivyo tu, haina zumu, haimsogezi mtu karibu, inachofanya ni kupunguza cha pembeni.

Na hata huko kupunguza kuna masharti yake. Bomba linafanya kazi pale tu ambapo ni refu kiasi cha kutosha ukilinganisha na wimbi la sauti. Kwa joto letu la Dar sauti inakwenda karibu mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 1000, yaani mitetemo 1000 kwa sekunde, lina urefu wa kama sentimita 35, na wimbi la hezi 100 lina mita tatu na nusu. Chukua shotigani maarufu kuliko zote, Sennheiser MKH 416, bomba lake pamoja na mwili wake wote ni sentimita 25. Mngurumo wa lori la barabara ya Kilwa, jenereta ya duka la jirani, besi ya baa ya upande wa pili, vyote hivyo vinaishi huko chini kwenye hezi 100 na chini yake, sasa sentimita 25 inaenda kuzuia nini kwenye wimbi la mita tatu na nusu? Huko chini unabaki na uwezo wa kapsuli peke yake, ambayo inakata pembeni kiasi tu na mgongoni bado inasikia kidogo. Kwa hiyo ukilenga shotigani kwenye bendi mngurumo wa barabara utaupata karibu wote, kitakachopungua ni filimbi ya trafiki na kelele za konda.

Ukiingia nayo ndani ya ukumbi wa bati ndo mambo yanazidi kuharibika. Sauti ya gita inagonga bati, inagonga ukuta, inagonga sakafu ya saruji, inarudi kutoka kila upande, na ile inayorudi ubavuni haifutwi sawasawa, trebo inakatwa besi inapita, mtu akisogea hatua moja sauti inabadilika rangi. Umewahi kusikia video ambayo mtu anaongea halafu sauti ina utupu fulani, unahisi anaongea akiwa bafuni japo yuko sebuleni, mara nyingi ni hiyo. Watu wa filamu wenyewe wakihamia ndani ya nyumba wengi wanaiweka shotigani kwenye begi wanachukua kondensa (maiki inayofanya kazi kwa chaji ya umeme) fupi ya haipakadioidi, yaani inayosikia zaidi mbele, isiyokuwa na bomba.

Tuje kwa SM57. Hii Shure wa Marekani waliitoa mwaka 1965 na mpaka leo inauzwa, na sio kwa sababu watu ni wavivu kubadilika. Ndani yake kuna utando mwembamba umeshikana na koili, koili inacheza kwenye sumaku, inazalisha umeme wake yenyewe, haitaki betri wala fantomu, ule umeme wa volti 48 ambao mikisa inautuma kwa maiki kupitia waya. Ikianguka ukaipangusa ukaendelea. Inavumilia sauti kubwa ambayo kondensa nyingi zitapasua, MKH 416 kwa mfano mwisho wake ni desibeli 130, na ngoma inayopigwa kwa nguvu maiki ikiwa imeisogelea kabisa inaweza kuvuka hapo.

Ila nataka nikurekebishe na kitu ambacho watu wa upande wa pili nao wanakosea. Utasikia dainamiki haisikii kelele za mbali. Inasikia. SM57 ikipigwa na sauti ya kiwango cha majaribio inatoa milivolti 1.6 hivi, MKH 416 kwa sauti hiyohiyo inatoa milivolti 25, tofauti ya karibu mara 15, kwa hiyo ukiichomeka ukaiacha mezani inaonekana kama kiziwi. Sasa pandisha geini mpaka zilingane uone kama daladala hazitaingia. Kinachokuokoa kwa dainamiki ni kwamba unaiweka sentimita 3 au 5 kutoka kwenye ampu, mahali ambapo gita lina nguvu kiasi kwamba geini inakaa chini kabisa na ukumbi mzima unabaki huko chini pia. Kukaa karibu ndo kunakata kelele, maiki yenyewe imeumbwa tu iweze kukaa karibu bila kupasuka. Hilo ukilishika hutamuuliza mtu tena maiki ipi ina nguvu, utajiuliza itakaa umbali gani na chumba kikoje, basi.

Kwa hiyo kwa kazi yako jibu langu ni dainamiki na sina wasiwasi nalo. Tena bei inakusaidia, Marekani SM57 iko kwenye dola 100 hivi wakati MKH 416 inakaribia dola 1,000, hata ukishuka kwenye shotigani za katikati bado hela ile inakupa dainamiki mbili zinazoeleweka. Na wewe unahitaji mbili, kwa sababu maiki moja ya karibu haiwezi kurekodi watu sita, hapo nisikudanganye. Fanya hivi: hao waimbaji najua wana maiki zao tayari zimeingia kwenye mikisa, waombe wakupe sauti kutoka pale nyuma ya mikisa, tundu la kurekodia, iingie kwenye rekoda yako. Kama besi nayo imechomekwa mikisani umeshaipata. Kilichobaki ni ampu ya solo na tumba, hapo ndo zinakwenda dainamiki zako. Ridhim itaingia yenyewe kupitia maiki ya solo kama ampu zimekaa jirani, na kama haiingii vizuri sogeza ampu, usisogeze maiki.

Kwenye ampu usiweke maiki katikati kabisa ya spika, ukiweka pale utapata sauti kali inayochoma masikio hasa kwa sababu SM57 yenyewe ina mwinuko wake kwenye hezi 5000 mpaka 6000, iteleze kidogo kuelekea pembeni ya koni, sikiliza, iteleze tena. Ukiisogeza karibu sana besi inaongezeka, zote zinazochagua upande zina tabia hiyo, kwa hiyo gita likiwa zito kupita kiasi rudi nyuma sentimita chache tu. Tumba ipe kama sentimita 10 juu ya ngozi, imlenge anapopiga, na mgongo wa maiki ugeukie pangaboi au spika ya waimbaji kwa sababu SM57 ni kadioidi, yaani inasikia zaidi mbele, mgongoni ndo inasikia kidogo kuliko kote. Maiki ya kamera iache iendelee kurekodi, hiyo utaichanganya chini chini ipate hewa ya ukumbi, na mwanzo wa kila wimbo mtu apige kofi moja mbele ya kamera ili uweze kulinganisha sauti na picha ukikaa kwenye kompyuta.

Ungeniambia kazi yako ni kuhoji watu nje, Coco Beach au pale Feri soko la samaki, ningekwambia kinyume chake. Nje hakuna ukuta wa kurudisha sauti, shotigani ikikaa juu ya kichwa cha mtu sentimita 50 mpaka 80 inalenga kifua, nje kidogo ya picha, inafanya kazi nzuri sana na hakuna dainamiki itakayoigusa kwa umbali huo. Lakini hata hapo umeona umbali wenyewe, sentimita 50 mpaka 80, sio kule ng'ambo ya barabara.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa kwaya huku Ubungo Kibangu. Nilinunua maiki dainamiki ya ala kwa ajili ya kinanda na waimbaji wa mbele, duka wakanipa waya wenye XLR upande mmoja na jeki ndogo upande mwingine nichomeke kwenye kamera. Sauti inatoka ndogo ina shhhh nyingi. Nikisikiliza kwa hedifoni angalau nasikia, lakini wanakwaya wakifungua kwenye simu zao wanasema hawasikii kitu kabisa, kinanda kimepotea. Maiki ni mbovu?
Mwalimu wa kwaya, Ubungo

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole. Maiki yako ni nzima, mwenye kosa ni huo waya, na hili tatizo ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani.

Kwenye XLR kuna pini tatu, ya kwanza ni ya ardhi, ya pili na ya tatu zinabeba sauti ileile moja ila moja imegeuzwa, moja ikisukuma nyingine inavuta. Mikisa inajua kuzigeuza na kuziunganisha na humo humo inafuta kelele za njiani, ndo maana waya wa XLR unaweza kwenda mbali bila kunasa redio. Sasa waya wako umeunganishwa pini ya pili ikaenda sikio la kushoto na pini ya tatu ikaenda sikio la kulia. Kwa hedifoni kila sikio linapata chake hivyo unasikia, japo ukitulia utagundua sauti haikai katikati, inaelea tu huko pembeni. Simu yenye spika moja inajumlisha kushoto na kulia, moja inasukuma moja inavuta, jumla yake sifuri. Kinanda kimepotea kihesabu kabisa dada yangu, hakuna aliyekifuta.

Zile video ulizokwisha rekodi usizitupe. Kwenye programu ya kuhariri futa upande mmoja, chukua upande wa kushoto unakili uweke pande zote mbili, sauti itarudi. Kwa mbele peleka waya kwa fundi wa kuchomelea, mwambie pini ya pili iende pande zote mbili za jeki na pini ya tatu iunganishwe na ya kwanza. Ni kazi ndogo sana.

Hiyo shhhh ni jambo jingine. Dainamiki inatoa umeme kidogo mno, nimeshataja milivolti 1.6 hapo juu na hiyo ni kwa sauti kubwa kiasi, kamera nyingi za kawaida zina priampu (kikuza sauti cha ndani) dhaifu, ukizilazimisha kupandisha hivyo zinaanza kulia zenyewe. Kamera inatoa volti chache tu kwenye kile kijitundu kwa ajili ya maiki ndogo za kondensa, hizo volti dainamiki haizihitaji na wala hazikusaidii. Ungepata rekoda ya mkononi yenye tundu la XLR, kama zile za Zoom, au intafesi, yaani kisanduku cha kuingizia maiki kwenye kompyuta, ungesikia tofauti siku hiyohiyo. Kwanza kwa waimbaji wa mbele sogeza maiki, kama iko mita moja ilete sentimita 30, umeokota desibeli kama 10 bure.

Na kuna mtu atakutisha kwamba ukibonyeza fantomu ya volti 48 dainamiki inaungua. Kwa waya mzima wa XLR pande zote mbili haiungui, volti zinafika pini ya pili na ya tatu kwa usawa kwa hiyo koili haioni tofauti. Ila huo waya wako wa sasa usiuchomeke kwenye kitu chochote chenye fantomu hata kwa adapta.

SWALI: Kijana wangu, mimi ni mpigaji wa udi wa siku nyingi, naishi Magomeni. Wajukuu wanataka kunirekodi hapa nyumbani kabla sijachoka. Wamekuja na mjadala wa maiki hizi mbili na mimi sijui nimsikilize nani. Udi wangu hauna umeme, na napiga taratibu.
Babu wa udi, Magomeni

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hili swali limenifurahisha kuliko yote yaliyofika mwezi huu, naomba wajukuu walisome kwa makini, kwa sababu hapa mimi nitawaambia wote wawili wasubiri kwanza.

Udi unapigwa taratibu na nusu ya utamu wake uko kwenye vitu vidogo, risha inavyogusa uzi, kidole kinavyoteleza. Dainamiki ya ala itaupata mwili wa udi lakini huko juu inaanza kuchoka, SM57 inafika karibu hezi 15000 na njiani imeshatia chumvi yake, na kwa ala ya sauti ndogo itawalazimu wapandishe geini sana mpaka priampu ya bei rahisi ianze kusikika chini ya muziki. Sio kwamba haiwezekani, taarabu nyingi za jukwaani udi na kanuni vimewekewa dainamiki na watu wakafurahi, kwa sababu jukwaani kuna spika zinazorudisha sauti na kondensa ingepiga mluzi. Nyumbani hakuna mluzi.

Shotigani ina masikio ya kutosha kwa sababu ni kondensa, ila chumba cha Magomeni chenye sakafu ngumu na kuta tupu kitaiharibu kama nilivyomwambia yule wa Mbagala. Kinachokufaa wewe ni ndugu yake shotigani asiye na bomba, kondensa ndogo nyembamba ambayo mafundi wanaiita maiki ya penseli, ikae sentimita 30 mpaka 40 kutoka kwenye udi. Wasiielekeze kwenye tundu kubwa moja kwa moja, hapo besi inavimba, wailenge pale shingo inapokutana na mwili kisha waisogeze polepole huku mmoja ana hedifoni masikioni.

Kama tayari wameshanunua moja kati ya hizo mbili basi wasihangaike kurudisha. Wakiwa na shotigani wafungue chumba chenye vitu vingi zaidi, kitanda, magodoro yasimamishwe ukutani, mablanketi yaning'inizwe nyuma ya mzee na mkeka mnene au zulia chini, maiki itoke juu ielekee chini kwenye zulia, wasiilenge kutoka chini kwenda juu maana watakuwa wanaisikilizisha dari na feni. Wakiwa na dainamiki waisogeze mpaka sentimita 10 au 15 na mzee ajitahidi asiyumbe sana, kwa ukaribu huo akiyumba kidogo sauti inapanda na kushuka. Na friji lizimwe, ila funguo za gari ziwekwe juu ya friji ili asisahau mtu kuliwasha.

Kitu kingine wajukuu, msianze na nyimbo. Mwacheni mzee apige apendavyo nusu saa rekoda ikiwa inakwenda na mumuulize majina ya nyimbo na alizipata kwa nani, hizo sauti za kuongea nazo zirekodiwe kwa maiki hiyohiyo. Nafasi kwenye memori kadi ni rahisi.

SWALI: Fundi, niko Kigamboni karibu na bahari. Shotigani yangu ya kondensa siku za masika inaanza kutoa sauti kama ya kukaanga kitu, ikipigwa jua inapona. Ya dainamiki haijawahi kunisumbua. Kuna uhusiano?
Kigamboni

JIBU: Uhusiano upo moja kwa moja. Kondensa ni vibamba viwili vyembamba vyenye chaji vimekaribiana mno, aliyeitengeneza ya kwanza ni E. C. Wente wa Marekani mwaka 1916 na mpaka leo udhaifu wake mmoja ni unyevu. Hewa ya Kigamboni ya mwezi wa nne ina maji, ikitua kwenye kapsuli chaji inavuja kidogo kidogo na kila inapovuja unasikia huo mlio wa kukaanga. Dainamiki haina chaji ya kuvuja ndo maana inakaa kimya.

Usiianike juani tena, joto lile linalegeza gundi na sponji. Nunua kiboksi cha plastiki kinachofunga kabisa, tia vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya ila vipya na vingi, maiki ilale humo. Ikitoka chumba cha kiyoyozi kwenda nje iache ndani ya begi robo saa izoee joto kwanza, maana kitu cha baridi kikikutana na hewa ya pwani kinalowa palepale. Na kama kazi zako nyingi ni za ufukweni, kuna shotigani zinazotumia mfumo wa masafa ya redio kwenye kapsuli badala ya chaji kubwa, MKH 416 ni ya aina hiyo na Rode NTG3 pia, hizo zinavumilia unyevu vizuri zaidi na ni sababu mojawapo ya watu wa nchi za joto kuzipenda. Upepo wa huko nao usiupuuze, sponji peke yake haitoshi, tafuta ile ya manyoya.

SWALI: Kaka, nashuka Kariakoo Jumamosi kununua. Nimeambiwa feki ni nyingi. Nazijuaje?
Tabata

JIBU: Nyingi kweli, hasa za Shure. Sanduku linaigwa, nembo inaigwa, mpaka karatasi ya maelezo. Uzito unasaidia kidogo, SM57 halali ina kama gramu 284, ikiwa nyepesi sana achana nayo, lakini mizani isikufanye ujiamini kwa sababu feki nzuri zinawekewa chuma ndani. Bei ikiwa robo ya ile niliyomtajia yule wa Mbagala usijidanganye kwamba umebahatika.

Ushauri wangu ni usinunue kwa macho. Nenda na hedifoni zako, rekoda au intafesi yenye fantomu ya kuwasha na kuzima, na waya wako wa XLR mzima, ukiambiwa hapa hatujaribishi ondoka, maduka yanayokubali yapo. Dainamiki ijaribu fantomu ikiwa imezimwa, lazima itoe sauti, kama haitoi mpaka uwashe basi hapo ndani kuna kijikondensa cha bei rahisi na hiyo sio dainamiki haijalishi imeandikwa nini. Ongea ukiwa mbele yake kisha iongelee mgongoni kwa umbali uleule, mgongoni sauti lazima ianguke sana.

Shotigani ijaribu kwa funguo. Washa fantomu, kama ni ile inayotumia betri tia betri, vaa hedifoni, mwambie mwenzako atikise funguo mbele ya maiki kwa umbali wa mita moja, halafu azunguke taratibu mpaka ubavuni akiwa bado anatikisa. Mlio wa funguo uko juu sana kwenye masafa, ni palepale ambapo bomba linatakiwa kufanya kazi, kwa hiyo akifika ubavuni funguo zinapaswa kufifia waziwazi. Zikibaki vilevile hayo matundu ni ya urembo na ndani kuna kapsuli ndogo tu imewekwa kwenye bomba refu. Kariakoo ni kelele tupu hivyo omba muingie ndani ya duka au ghorofani, na nenda asubuhi wakati wauzaji hawajazidiwa na wateja, watakuvumilia. Risiti waandike aina ya maiki na namba yake, sio neno maiki peke yake.